Ndege Hawa, Ndege Hizi

Keateka, yaani mtunza nyumba, wa nyumba yetu hapa Kawangware 46 amebandika karatasi mlangoni pa ngazi: NI MARUFUKU KULISHA NDEGE. Ameiandika kwa kalamu nene nyekundu na kuipigia mstari chini mara mbili, kana kwamba sisi wapangaji ni vichwa maji. Niliisoma nikiwa nimebeba mfuko wa chenga za omena, vile visamaki vya ziwani, yale mabaki ya vichwa na mikia ambayo akina mama wa sokoni hubaki nayo wakishachekecha. Harufu yake ikanipanda puani pamoja na hasira. Nyinyi wenzangu mliolelewa kwenye vyumba vya mabati mnaijua harufu hiyo, ya chumvi na jua na gunia. Nilisimama pale ngazini nisiweze kupanda, mtu mzima na mfuko wangu, kwa sababu ya karatasi moja. Jirani aliyekuwa akishuka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni zamani.

Tulikaa Kisumu Ndogo, kule Kibera, chumba kimoja: mama, mimi na Dani. Dani ndiye nyanya, kwa Kijaluo. Alikuja kutoka ziwani kabla sijaanza shule, mguu wake wa kushoto umevimba, akasema amekuja kutibiwa na atarudi wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua miaka. Mama alikuwa akifua nguo za watu mitaa ya wenye nafasi, anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo mimi na Dani tulibaki wawili mchana kutwa. Dani aliuza omena mlangoni. Wateja wake karibu wote walikuwa Wajaluo wenzake, na Kiswahili hakikumwingia. Akija mnunuzi Mluhya au Mkamba, aliniita nitafsiri. Nilikuwa ulimi wake. Nilikuwa darasa la tatu, wa kwanza darasani katika Kiswahili, na nilijiona mtu wa maana sana.

Nyuma ya chumba palikuwa na uwanja, kama mtanikubalia kupaita uwanja: hatua chache za mtoto kati ya ukuta wetu na mtaro. Wanawake wa ploti, yaani wapangaji wa safu yetu ya vyumba, walianika nguo hapo, Dani akaanika omena zake juu ya gunia. Kando ya mtaro ulikuwa umeota mpera ambao hakuna aliyeupanda. Dani alitoboa mfuniko wa sufuria kuukuu matundu matatu, akautundika kwenye tawi kwa waya, na chini yake akaweka karai lililozibwa kwa lami. Mfuniko ulikuwa wa chakula na karai la maji. Hakufanya hivyo kwa huruma ya vitabuni. Alisema anayeanika omena chini ya mbingu hana budi kuwa mkarimu, kwa sababu ndege usipowapa wataiba, na mwizi huchafua nyumba kuliko mgeni.

Na wageni walikuja. Wakati wa kiangazi walifuata maji zaidi ya chakula. Shomoro walioga karaini wakipigana mabawa kama watoto kwenye bomba, nasi tukilipata kila tone kwa kupanga foleni. Mbayuwayu nao walipita juu bila kutua, na Dani aliwasema kwa sauti: wageni wa mbali wenye maringo, hawali kwa watu. Mvua za masika zikianza, kumbikumbi walitoka ardhini na mfuniko ukakaa siku mbili bila kuguswa. "Wameenda harusini," Dani alisema, akainamisha mfuniko ili mvua isiujaze. Baridi ya Julai ilipofika, shomoro waliketi kwenye mpera wamefura manyoya, na Dani akawapashia ukoko wa ugali jikoni kabla ya kuwapelekea. Nilimwambia ndege hawajui moto wala baridi. Akaniuliza kama nimewahi kuwa ndege.

Mvua za vuli zilileta wale ndege wa manjano wanaosuka viota. Walichomoa nyuzi za gunia moja moja, na Dani aliyekuwa mkali kwa kila mtu aliwaachia gunia zima wakalifumua. Mwewe alimnyang'anya mtu omena mkononi, na mtu huyo kwa kawaida nilikuwa mimi. Korongo, yule mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, alitua juu ya bati letu asubuhi na kutembea taratibu kama mzee aliyevaa gambuti. Kwa muda mrefu niliamini ni ndugu ya mwenye ploti. Mwenye ploti naye alikuwa na upara, alitembea mikono nyuma, na alionekana tu mahali palipokuwa na kitu cha kuokota.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo lote limo hapa. Karibu na Kibera kuna uwanja mdogo wa ndege, na zile za chuma zilipita chini sana juu ya mabati yetu. Sisi watoto tulizipungia mikono. Mtoto wa Pwani angesema ndege huyu ametua kwenye mpera, na ndege hii imepita angani, na kila mtu angejua kipi ni kipi. Sisi ngeli tuliziacha ndani ya daftari la shule. Wa mpera walikuwa "hizi ndege" na za angani zilikuwa "hizi ndege". Kwa Dani mambo yalikuwa tofauti tena. Kwa Kijaluo ndege wa mtini ni winyo, na wakiwa wengi ni winy. Neno ndege Wajaluo wamelikopa kwa ile ya chuma peke yake. Chumbani mwetu neno hilo moja lilikuwa na maana mbili, na mimi ndiye niliyesimama katikati.

Mwenye ploti alikuwa ameutamani ule uwanja kitambo. Mara mbili alileta mafundi waje kujenga chumba kingine cha kupangisha, na mara mbili wanawake wa ploti walimkatalia, Dani akiwa mbele na fimbo yake. Mara ya tatu alikuja saa sita mchana siku ya kazi, wanawake wote wakiwa wameenda vibaruani. Mimi sikuwa shuleni siku hiyo kwa sababu ya kikohozi. Alikuja na mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, faili kwapani, na beji kifuani. Beji iliandikwa USHER. Nililisoma neno hilo kimoyomoyo nikaona ni cheo kikubwa cha serikali.

"Sasa, kasichana. Shosho yuko?" mwenye ploti alimuulizia nyanya, na Dani ameketi mbele yake.

"Yuko."

"Mwambie huyu ni ofisa. Ametoka kule kwa mambo ya ndege."

Mwenye beji alifungua faili, akatazama ndani, akaifunga. "Tumepata ripoti mnalisha ndege hapa."

Nikatafsiri. Dani akajibu kwa Kijaluo, "Mwambie ndiyo. Na yeye kama ana njaa aketi." Sehemu ya pili sikuitafsiri.

"Hiyo ni hatari sana," mwenye beji alisema. "Mkilisha hizi ndege, zinakuja mingi. Zikikuwa mingi, ndege zinaanguka. Zikianguka, watu wanakufa. Umeshika?"

"Nimeshika," nikasema, na nikamgeukia Dani. Nikamwambia kwamba ofisa anasema akiendelea kuwalisha winy, winy wataanguka na watu watakufa.

Dani alikunja uso. Alikuwa amelinasa neno moja la Kiswahili katika mazungumzo yote, kwa sababu alilijua. Wakati huohuo mojawapo ya zile za chuma ikapita juu yetu, mabati yakatetemeka. Dani akainua fimbo, akaielekeza juu. "Huyu mtu anasema ndege," akaniambia. "Si ni ile?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilimcheka nyanya yangu mbele ya wanaume wale. "La, Dani. Kwa Kiswahili ndege ni winyo. Mwalimu alitufundisha." Nikageuka nione kama wageni wameona jinsi nilivyo mjuzi.

Mwenye ploti alikuwa amekaa na wapangaji Wajaluo miaka mingi na alikijua Kijaluo cha kudai kodi na cha salamu. Winyo alilijua. Aliniona nikimpotosha Dani, na angeweza kunirekebisha kwa neno moja. Badala yake alitabasamu, akaweka mkono kichwani pangu. "Huyu ni mkali," akamwambia mwenzake. "Soma hivyo hivyo, utakuwa mwalimu." Mpaka leo nikikumbuka uzito wa mkono ule ninataka kunawa nywele.

Dani akayapima maneno yale. Ndege wanaanguka, watu wanakufa. Kwa mtu aliyefuga kuku maisha yake yote, maana ilikuwa moja tu, nayo ni ugonjwa. Alikuwa ameona kuku wa kijiji kizima wakiinamisha vichwa na kwisha kwa siku tatu. Akaniambia niulize swali kunihusu mimi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anauliza kama na mimi nitakufa," nikawaambia.

Mwenye beji alimtazama mwenye ploti. Nadhani hapo alitaka kuondoka. Mwenye ploti hakusita. "Mwambie watoto ndio wanaenda kwanza."

Nikamwambia. Nililitafsiri neno kwa neno, bila kosa lolote.

Wenzangu, nimesamehe mengi. Nimesamehe walioniibia, na mwanamume mmoja aliyenidanganya kuhusu ndoa. Lakini mtu mzima kusimama mchana kweupe na kumtumia mtoto wa darasa la tatu kumtisha nyanya yake kwa kifo cha mtoto huyohuyo, hilo halijanishuka kooni. Angesema ukweli: mama, nataka mahali pako, mimi nina ploti na wewe huna. Wanasema mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, na hata hapo angalau tungejua tumenyimwa. Yeye alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe nilikuwa mimi.

Jioni mama aliporudi, Dani alimweleza habari za ugonjwa wa ndege. Mama aliposikia kikohozi changu hakuuliza mara mbili. Wanawake wa ploti nao walikuja, wakapata kwamba Dani mwenyewe, aliyekuwa akiwatangulia kwa fimbo, sasa anasema mti ukatwe na mahali pafunikwe. Hakuna aliyebisha. Habari imetoka kwa Dani, na Dani hakuwa mtu wa kudanganyika.

Mimi nilijipa kazi ya kuwaokoa ndege. Niliwarushia mawe kila walipotua, wasije wakala wakaanguka. Nilimwaga maji ya karai. Niliwakusanya watoto wa ploti tukapiga makopo, na wale shomoro wa Dani, waliokuwa wamezoea kusubiri ukoko wao, wakawa wanaruka na kurudi, wanaruka na kurudi, hawaelewi tumewakosea wapi. Siku ya tatu nilimkuta mmoja amekufa kando ya mtaro. Labda ni jiwe langu. Nilimpelekea Dani kwenye jani, nikasema, "Umeona? Wanaanguka." Dani alimchukua kwa kijiti, akamzika kwa majivu, kisha akanisugua mikono kwa sabuni ya kipande hadi vidole vikaniwasha. Yeye mwenyewe hakunitazama machoni.

Mpera ulikatwa Jumamosi. Ulipoanguka nilipiga makofi.

Chumba kilisimama kabla ya wiki nyingine kwisha, bati jipya limegusa bati letu, na dirisha letu moja likabaki likitazama misumari. Akaingia mpangaji. Dani alianika omena zake mbele ya mlango, njiani, watu wakazikanyaga na vumbi likaingia, wateja wakaanza kulalamika mchanga. Alishinda ndani gizani na mguu wake juu ya kigoda. Korongo aliendelea kutembea juu ya bati, na kila akitembea Dani aliinua uso kumsikiliza, kisha akaushusha. Kabla ya masika alimwambia mama kwamba wiki yake imekwisha, sasa anarudi nyumbani. Aliniachia mfuniko wa sufuria na waya wake. Nililia nikimkasirikia yeye, kwa kuwa niliona ananikimbia.

Mwaka uliofuata nilimwona yule ofisa. Alikuwa mlangoni pa kanisa moja la hema, shati limepigwa pasi, beji yake ileile kifuani, akiwaonyesha watu viti vya kuketi, na hiyo tu ndiyo kazi ya usher. Na mnajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba serikali imeanza kuwatuma maofisa wake kanisani. Nilimwamkia kwa heshima, naye akanionyesha kiti.

Ukweli ulinifikia sekondari, katika kipindi cha ngeli. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Pwani aliyechoshwa na Kiswahili chetu cha Nairobi, aliandika ubaoni: Ndege huyu ameanguka. Ndege hii imeanguka. Akasema, "Hapa kuna maiti wangapi?" Darasa likaangua kicheko. Mimi nikaelewa kwamba yule ofisa alisema za chuma ndizo zingeanguka, zikigongana na shomoro wetu. Nilimwona Dani ameinua fimbo juu, bati likitetemeka. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Dani maana alikuwa anaijua. Ni mimi niliyemnyang'anya.

Likizo ilipofika nilisafiri hadi kwake ziwani. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha jiko, kuku wamemzunguka, na mfuniko mwingine umetundikwa kwenye mti wa limau. Nilimweleza yote, kuanzia neno lenyewe hadi beji. Nilitegemea anifokee. Nilitamani anifokee.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nimeelewa."

"Ndiyo, Dani. Ulikuwa umeelewa."

"Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia, wewe mama, Nairobi ilikushinda, hata neno moja hukulijua." Akatikisa kichwa. "Nami nililijua."

Halafu akaniuliza yule mwenye ploti alifanya nini nilipokosea, kama alicheka. Nikamwambia hakucheka, alinishika kichwa na kunisifu. Hapo ndipo alipokasirika. Alitema mate pembeni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Kichwa cha mtoto," alisema, "si meza ya mtu kuwekea uongo wake." Tangu siku hiyo hasira yangu ikapata mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimeielekeza kwangu, na kabla ya hapo kwake.

Dani ametangulia sasa. Mfuniko wake wa Kibera ninao. Nimeutundika huku juu ya paa la nyumba yetu, kwenye nguzo ya kamba ya nguo, na kila Jumapili wapangaji wakianika mashuka hushuhudia shomoro wakigombania chenga. Wengine wananicheka, mmoja huniletea ukoko wa wali. Hakuna aliyewahi kulalamika. Ndiyo maana ile karatasi ilinikwama.

Sikungoja kuitwa. Nilishuka na mfuko wangu wa omena, nikabisha kwa keateka. Ni kijana mpole, wala simchukii.

"Mathee, sasa," alisema. "Si umeona notisi?"

"Nimeiona. Ni ndege gani?"

"Ndege tu. Hizi ndege."

"Hizi za abiria, au hawa wa manyoya?"

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Hizi za kule juu kwa paa, mathee. Zinaleta magonjwa. Hata watoto wa hii ploti wanaeza..."

"Usimalize," nikamwambia. Nadhani nilisema kwa sauti, kwa maana milango miwili ilifunguliwa. "Nitazame. Nani ameugua?"

Akatazama viatu vyake. Akatazama ngazi. Mwishowe akashusha sauti kama mtu anayeungama. "Mimi nimetumwa tu. Landlodi, mwenye hii nyumba, anataka kujenga vyumba zingine huko juu. Pale kwa kamba za nguo. Anasema mkizoea hapo mtasumbua."

Majirani walikuwa wametoka, mmoja na sabuni mkononi, na binti yake mdogo amejificha nyuma ya sketi, akisikiliza kila neno.

Nikabandua karatasi mlangoni pa ngazi, nikaigeuza upande mweupe, nikaichukua ile kalamu nene nyekundu mezani pake, nikamwekea mkononi.

"Basi andika hivyo ulivyoniambia," nikamwambia.